Siku 21 za mdaiwa: Samansi inapofika katika ukanda wa dhahabu

*Kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, watu wanaodaiwa kwa sababu ya duara, shamba au mkopo wa karasha hushindwa kesi kabla hawajasimama mbele ya hakimu. Kampuni kubwa zilizo jirani nao hushitakiwa pia, ila zenyewe hazikai kimya.*

Mpeleka samansi akishuka kwenye bodaboda pale Katoro, bahasha ya kaki mkononi, habari huwa imeshamtangulia. Anauliza duka la fulani. Anaambiwa fulani ameenda Geita mjini. Anauliza atarudi lini, hakuna ajuaye. Kijana anayeuza vipuri vya karasha anasema yeye ni mgeni hapo, ameanza kazi juzi tu. Nyuma ya pazia la stoo kuna mtu amekaa juu ya mfuko wa saruji, simu kaizima, anasubiri pikipiki iondoke.

Hicho si kisa cha mtu mmoja. Ni mchezo uliozoeleka kwenye miji iliyoota kando ya machimbo, na wanaoucheza huwa wanaamini wameshinda pale wanaposikia mlio wa pikipiki ukififia.

Cha kusikitisha ni kwamba aliyejificha mara nyingi ana hoja. Deni ameshalipa nusu. Mawe anayodaiwa kuyaficha yaligawanywa mbele ya mashahidi. Shamba analoambiwa amelivamia alilinunua, na mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Hoja zote hizo anabaki nazo stoo, huku faili likisonga mahakamani bila yeye.

Mlango nao hupokea samansi

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ndiyo inayoongoza mashauri ya madai katika mahakama za wilaya, za hakimu mkazi na Mahakama Kuu. Kwa mujibu wa Amri ya VIII ya sheria hiyo, mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Siku hizo huhesabiwa tangu alipofikishiwa samansi. Siku aliyopata muda wa kuisoma haihesabiwi, wala siku aliyopata nauli ya kwenda kwa wakili.

Marekebisho ya mwaka 2019 yalibana zaidi. Mahakama inaweza kumwongezea mdaiwa siku 10, na anayezitaka sharti aziombe kabla ya zile 21 kwisha, au ndani ya siku 7 baada ya kwisha, akieleza sababu ya maana ya kuchelewa. Kwamba alikuwa machimboni Mgusu na mtandao ulikuwa unasumbua, hakimu atasikiliza, lakini haitakuwa mara yake ya kwanza kuisikia.

Vipi kuhusu kukataa kusaini? Hapo ndipo imani ya mtaani inapowaponza wengi: asiyesaini, eti, hajashitakiwa. Sheria imeshalifikiria hilo. Mtu mzima wa familia anayeishi na mdaiwa anaweza kuipokea samansi kwa niaba yake. Wakikataa wote, mpeleka samansi anabandika nakala mlangoni na kula kiapo mahakamani kueleza alivyofanya na saa ngapi. Asipoonekana kabisa, mahakama inaweza kuamuru tangazo litolewe gazetini, na mtu akaitwa mahakamani kupitia ukurasa ambao hajawahi kuufungua.

Siku zikiisha bila jibu, mdai anaruhusiwa kuthibitisha madai yake upande mmoja. Katiba, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Kinachotolewa ni nafasi ya kusikilizwa. Mahakama haiwezi kwenda kumtoa mtu stoo ili aje kuitumia.

> Asiyesaini samansi hajaikwepa kesi. Ameikwepa nafasi yake ya kuijibu.

Dhahabu ikitoka, kila mtu ana kumbukumbu yake

Ili kuelewa kwa nini kesi hizi ni nyingi ukanda huu, inabidi kuangalia duara, yaani shimo la uchimbaji, linavyoendeshwa. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania, hudumu miaka 7 na eneo lake kwa dhahabu halizidi hekta 10. Lakini mwenye leseni mara nyingi siye mwenye shamba, na wote wawili siyo wanaoshuka chini. Kuna mwenye duara aliyeweka mtaji wa matimba, kamba, pampu na chakula. Kuna wachimbaji wanaolipwa kwa mgao wa mawe. Kuna mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kuna aliyekopesha baruti, kuna mama lishe mwenye daftari la madeni. Mgao unahesabiwa kwa viroba, na asilimia za kila mmoja hutofautiana kutoka rashi, yaani machimbo, moja hadi nyingine.

Sehemu kubwa ya hayo huwekwa kwa mdomo. Vifaa vinatolewa kwa mali kauli. Duara lisipotoa kitu, hakuna anayekumbuka nani aliahidiwa nini. Likitoa, kumbukumbu zinaanza kupishana.

Na hapa kuna kosa la pili la mdaiwa: kudhani kwamba kwa kuwa hawakuandikishana, hakuna kesi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kila mkataba lazima uandikwe. Makubaliano ya mdomo mbele ya mashahidi yanaweza kumfunga mtu sawasawa na yaliyopigwa chapa, isipokuwa pale sheria mahususi inapotaka maandishi. Meseji za simu, miamala ya fedha kwa mtandao, hata daftari la mama lishe, vyote huweza kuwa ushahidi wa upande wowote.

Tabia ya kukaa kimya ina mizizi mingine pia. Usukumani watu wamezoea kuitwa na sura wanazozijua. Sungusungu, walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 maeneo ya Kahama na Nzega kupambana na wizi wa ng'ombe, walijenga juu ya desturi ya zamani ya mkutano wa jamii, dagashida, ambako mtuhumiwa husimama mbele ya majirani na jambo likajadiliwa mpaka kieleweke. Huko hakuna anayehesabu siku 21. Mzee akitumwa leo akakukosa, kesho atarudi, na atakunywa maji kwanza kabla ya kusema kilichomleta. Aliyekulia katika utaratibu huo akiletewa karatasi na mgeni mwenye haraka, hana sababu ya kuamini kwamba karatasi hiyo ndiyo nafasi yenyewe.

"Nakana yote" haitoshi

Mdaiwa aliyepiga moyo konde akaamua kujibu anakutana na hati ya madai yenye aya zilizopewa namba. Kila aya inadai jambo. Utetezi unatakiwa kuzifuata moja moja: hii nakubali, hii nakana kwa sababu hii, hii siijui na mdai aithibitishe. Amri ya VIII inasema wazi kwamba jambo lisilokanwa mahususi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Mtu aliyeandika ukurasa mzima wa kulalamika jinsi mdai alivyo mkorofi, bila kugusa aya ya tano inayosema alipokea shilingi milioni 18, kwa lugha ya sheria amekiri kupokea milioni 18.

Kitu cha kwanza cha kukagua ni tarehe. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba, miaka 3 kwa madhara ya kimadai na miaka 12 kwa kurejesha ardhi. Mdai aliyelala na deni la mkataba la mwaka wa nane anaweza kufutiwa shauri bila hata shahidi mmoja kupanda kizimbani.

Kisha kuna silaha ambayo wachimbaji wengi hawajui kama wanayo: madai kinzani. Mwenye duara anayedaiwa fedha za pampu, ilhali mwenye pampu naye alichukua viroba vya mawe visivyo vya mgao wake, hahitaji kwenda kufungua kesi nyingine mbali. Anaweza kuyaweka madai yake ndani ya utetezi uleule, na mahakama ikayasikiliza pamoja. Kesi iliyoanza na mtu mmoja anayedai na mmoja anayejitetea inageuka kuwa ya watu wawili wanaodaiana, na hapo ndipo mazungumzo ya suluhu huwa na maana.

Lugha imekuwa kikwazo cha miaka mingi. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini nyaraka za Kiingereza bado zipo. Hati isiyoeleweka ni sababu ya kutafuta msaada siku hiyohiyo. Kuiweka kabatini hadi mpwa anayesoma chuo arudi likizo ni kupoteza siku bure.

Je, umeitwa mahali sahihi?

Si kila kesi hufunguliwa inapostahili. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya fedha na mali zinazohamishika yasiyozidi shilingi milioni 30; ya Wilaya huenda hadi milioni 200. Katika Mahakama ya Mwanzo mambo ni mepesi: madai husomwa kwa Kiswahili, mdaiwa hujibu kwa mdomo, hakimu huandika. Kuna watu wametumia fedha nyingi kuandikiwa utetezi wa kurasa kumi kwa kesi iliyohitaji wafike tu na mashahidi wao.

Shauri la ardhi lina njia yake. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua na kuyaachia usuluhishi, kwa siku 30. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakiwi kupokea mgogoro wa umiliki kabla haujapita kwenye usuluhishi huo. Mdai aliyeruka hatua hiyo amemwachia mdaiwa hoja ya kisheria mkononi.

Kwa wachimbaji, jambo zito zaidi ni Tume ya Madini. Sheria ya Madini, Sura ya 123, imeipa Tume mamlaka ya kusikiliza na kuamua migogoro kati ya watu walio kwenye shughuli za utafutaji na uchimbaji: mipaka ya leseni, kuingiliana, fidia. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Mgogoro wa mpaka kati ya leseni mbili za Nyarugusu ukifunguliwa kama kesi ya kawaida, swali la mwanzo la mdaiwa linapaswa kuwa: kwa nini hapa? Na kijana wa duara anayedai kuachishwa kazi bila haki hupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hoja ya namna hii huitwa pingamizi la awali. Mipaka yake iliwekwa mwaka 1969 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors lililotoka Uganda: liwe jambo la sheria tupu, lisilohitaji ushahidi, ambalo likikubaliwa linaweza kumaliza shauri. Mawakili wa Shinyanga hulinukuu hadi leo karibu kila wiki. Mdaiwa asijidanganye, hata hivyo. Kesi iliyofutwa kwa sababu ya mlango mbaya inaweza kurudi kupitia mlango mzuri, ikiwa muda bado upo.

Bulyanhulu, 1995

Kuna wakati wachimbaji wadogo wa ukanda huu walishitakiwa, wakajibu.

Mwaka 1994 kampuni ya Kahama Mining Corporation, iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada, ilipewa haki ya kutafuta dhahabu Bulyanhulu, mkoani Shinyanga. Eneo halikuwa tupu. Maelfu ya watu walikuwa wakichimba, wakiosha, wakipika na kufanya biashara juu ya mwamba huohuo. Mwaka uliofuata kampuni ilikwenda Mahakama Kuu mjini Tabora kuomba wachimbaji waondolewe.

Ni rahisi kuwaza jinsi wangeweza kutawanyika, kila mmoja akisema jina lililoandikwa si lake. Hawakufanya hivyo. Shauri lilipingwa, na Septemba 1995 mahakama ilikataa kuipa kampuni ilichoomba. Watu wasio na ofisi wala anwani walikuwa wamesimama mbele ya kampuni ya kigeni, na karatasi ikawa upande wao.

Kisha ikaja Julai 1996. Serikali ilitoa amri ya kuwataka wachimbaji waondoke. Wakarudi Tabora, safari hii wakiwa wao ndio wanaolalamika, na mwanzoni mwa Agosti Mahakama Kuu ikatoa zuio. Uondoaji uliendelea hata hivyo, na maduara yakafukiwa. Madai kwamba kulikuwa na watu chini wakati wa kufukia yalikanushwa na Serikali pamoja na kampuni, na yakaendelea kubishaniwa kwa miaka, hadi kwenye taasisi za Benki ya Dunia. Kampuni ya Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2001.

Anayemwambia mchimbaji kwamba kujibu samansi kunamaliza kila kitu hajafika Kakola, jirani na mgodi huo, akakaa na watu wazima. Wachimbaji wa Bulyanhulu walishinda mahakamani wakapoteza machimbo. Lakini lipo jambo la upande wa pili: kama wangekaa kimya mwaka 1995, kampuni ingekuwa na amri ya mahakama mkononi, na leo kusingekuwa na uamuzi wa kuuliza kwa nini haukuheshimiwa.

> Wachimbaji wa Bulyanhulu walijibu, na Septemba 1995 Mahakama Kuu Tabora ilikataa ombi la kampuni.

Wakubwa wanavyojibu

Kampuni za madini nazo huletewa samansi. Namna zinavyozipokea ni somo la bure kwa mwenye duara.

Mwaka 2020 watu waliodai kujeruhiwa, na familia zilizodai kupoteza ndugu, katika matukio yaliyohusisha walinzi wa mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, wilayani Kishapu, walipeleka madai dhidi ya Petra Diamonds mjini London kupitia kampuni ya mawakili ya Leigh Day. Wakati huo Petra ilikuwa na asilimia 75 ya mgodi na Serikali ya Tanzania asilimia 25. Petra ilifanya uchunguzi wake, ikaketi na upande wa pili, na Mei 2021 ikatangaza makubaliano ya pauni milioni 4.3 yaliyowahusu wadai 71, yakijumuisha gharama za kisheria na miradi ya jamii. Makubaliano yalifanywa bila kampuni kukiri kuwajibika kisheria. Aliyedaiwa alipima gharama ya kupigana, akapima na jina lake, akachagua kumaliza.

Barrick ilijibu kwa njia nyingine. Novemba 2022 kundi la wakazi wa maeneo yanayozunguka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, lilifungua kesi Ontario, Kanada, kuhusu vitendo vya polisi wanaolinda mgodi huo. Kampuni haikuanza kwa kubishana nani alipiga risasi na nani alijeruhiwa. Iliuliza swali lilelile la pingamizi la awali: kwa nini hapa? Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya Ontario ilikubaliana nayo kwamba shauri halikuwa mahali pake.

Mtu anaweza kuzipenda mbinu hizo au kuzichukia. Wakazi waliovuka bahari kutafuta haki wana kila sababu ya kuona jibu la Ontario ni mlango uliofungwa usoni. Lakini kampuni zote mbili zilijibu, zilijibu kwa maandishi, na zilichagua uwanja wao mapema. Milango hiyo hiyo ya kusuluhisha, kupinga mamlaka au kukana aya kwa aya ipo katika Mahakama ya Wilaya ya Kahama kwa mtu anayedaiwa pampu.

Duara linapofungwa

Katika kesi za machimbo, pigo la kwanza huwa si hukumu. Ni zuio la muda. Mdai hufungua shauri na papo hapo kuomba uchimbaji usimame hadi shauri liishe. Kwa mwenye nyumba ya kupangisha, zuio ni usumbufu. Kwa mwenye duara ni maji yanayopanda chini, matimba yanayooza na vijana wanaohamia rashi nyingine.

Jibu la maombi hayo ni kiapo kinzani, tofauti na utetezi wa shauri lenyewe, na muda wake huwa mfupi. Mahakama huangalia mambo matatu yanayofuatwa tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kama kuna suala zito la kuamuliwa na mwombaji ana dalili za kushinda, kama atapata hasara isiyofidika kwa fedha, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Jambo hilo la tatu ndilo mwenye duara anapaswa kulijaza ukweli: stakabadhi za mafuta ya pampu, orodha ya wachimbaji, picha za maji, rekodi za mauzo katika soko la madini. Geita ilikuwa ya kwanza nchini kufungua soko hilo, Machi 2019, na aliyeuza humo ana karatasi za kuonyesha. Aliyeuza gizani hana.

Vishoka na muhuri wa mezani

Penye mahakama hapakosi kishoka. Anakaa karibu na duka la kutoa nakala, anavaa tai, anaita mahakimu kwa majina ya kwanza. Atakuandikia utetezi kwa bei ya chini, na akiuharibu hutamwona tena. Sheria ya Mawakili inafanya kuwa kosa kwa asiyestahili kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na inataka kila hati ioneshe jina la aliyeiandaa. Hati isiyo na jina hilo inaweza kukataliwa pale masijala, siku ya 20.

Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, ambao kupitia huo mtu anaweza kuangalia kwa simu kama wakili fulani yupo kwenye orodha na ana leseni hai. Asiye na fedha za wakili anaweza kutafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao huelekeza na kusuluhisha, ingawa hawasimami mahakamani kama mawakili. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imekuwa ikipeleka wataalamu mikoani, lakini hema la kampeni hukaa siku chache na samansi haziji kwa ratiba yake.

Zaidi ya yote, mdaiwa anaweza kujitetea mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo, wengine vizuri.

Mwenye kudai naye ana kilio chake

Itakuwa dhuluma kuandika haya yote bila kumsikiliza aliye upande wa pili. Aliyeuza ng'ombe Kishapu akanunua karasha, akalikodisha Lwamgasa kwa mkataba, kisha akakaa msimu mzima bila kulipwa, hana huruma na mtu anayejificha stoo. Kila safari ya mpeleka samansi inamgharimu. Kila tarehe ya kutajwa ni nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea. Kwake yeye zile siku 21 ni nyingi mno.

Katika mvutano huo mahakama imebanwa na Katiba yenyewe. Ibara ya 107A(2) inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na ibara hiyohiyo inazitaka zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Mdai hushika sehemu ya kwanza, mdaiwa aliyechelewa hushika ya pili. Mahakimu wamekuwa wakali zaidi tangu marekebisho ya 2019, na kwa maoni ya mwandishi wako sahihi, kwa sharti moja: kwamba samansi imefika kweli. Kiapo cha mpeleka samansi ambaye hakuvuka barabara ya lami kufika machimboni ni uongo ulioapwa, na mdaiwa anayeweza kuonyesha hivyo ana sababu nzuri ya kusikilizwa.

Ibara hiyo ya 107A pia inahimiza usuluhishi. Katika mashauri ya madai, upatanishi wa mahakama huja baada ya pande zote kuwasilisha nyaraka. Asiyejibu hafiki huko, na huko ndiko mdaiwa asiye na fedha taslimu angeweza kupata anachokihitaji zaidi, yaani muda. Makubaliano ya kulipa kwa awamu yakisainiwa na kusajiliwa yanakuwa amri ya mahakama, na yanamfunga mdai pia.

Dalali akishafika

Hukumu ya upande mmoja ina mlango wa kutokea, ila ni mwembamba. Mdaiwa ana muda mfupi wa kuiomba mahakama iliyoitoa iitengue, akieleza kilichomzuia kufika. Hapo hatapimwa kwa ubora wa hoja zake kuhusu deni. Atapimwa kwanza kwa sababu ya kutokuwepo. Akichelewa tena, itabidi aombe kuongezewa muda kabla hata ya kuomba kusikilizwa, na kila ombi lina ada yake na tarehe zake.

Wakati huo mdai anaweza kuwa ameomba kukazia hukumu. Dalali wa mahakama hukamata mali, huitangaza na kuiuza kwa mnada. Kuna vitu asivyoruhusiwa kugusa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, na, kwa masharti ya sheria, nyumba ambayo mdaiwa na familia yake wanaishi. Karasha, pikipiki ya tatu na nyumba ya kupangisha Masumbwe havimo kwenye orodha hiyo.

Kuna wanaohama Geita kwenda Chunya au Tunduru wakidhani deni litabaki nyuma. Hukumu inaweza kuhamishiwa mahakama ya huko ikakaziwa huko. Mdai ana miaka 12 ya kuomba ikaziwe, muda mrefu kuliko uhai wa leseni ndogo ya uchimbaji, na wengine husubiri makusudi hadi wasikie duara jipya limeanza kutoa.